Kaa Chini Uwatazame Kuku Wako

 Safari hii hatutazungumza juu ya mbolea wala mbegu. Tutazungumza juu ya kuku wa kienyeji, wale wanaozunguka uani kwako tangu alfajiri hadi jua linapokuchwa. Bila shaka utasema, "Kuku nimezaliwa nikawakuta, nifundishwe nini tena?" Ni kweli, unawajua. Lakini hebu nikuulize maswali matatu. Kati ya kuku wako, ni yupi anayekula kwanza? Ni yupi anayekula mwisho? Na jana jioni walipopanda kulala, ni yupi aliyebadili mahali pake? Kama huna majibu, endelea kusoma, kwa maana majibu hayo yanaweza kukuokolea banda zima.

Hapa Msata, katika Halmashauri ya Chalinze, mlango wa banda ukifunguliwa asubuhi kuku hutawanyika. Wengine huenda jalalani, wengine chini ya miembe, wengine kando ya shamba la mihogo kutafuta mchwa na panzi. Sisi huwatupia chenga za mahindi au pumba kidogo, kisha tunashika majembe na kwenda zetu. Kwa kuwa wanajitafutia wenyewe, wengi wetu tunadhani ni kundi tu lisilo na mpango. Sivyo, ndugu. Kuku wana wakubwa na wadogo, wana lugha, na wana sheria zao. Mfugaji anayezijua sheria hizo hupata mayai zaidi, hupoteza vifaranga wachache, na zaidi ya yote huiona hatari kabla haijaingia ndani.

UKUBWA NA UDOGO KATIKA KUNDI

Huko Norway alikuwapo mtu mmoja aliyeitwa Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyezaliwa mwaka 1894. Tangu utoto wake alipenda kukaa na kuwatazama kuku. Aliwatambua mmoja mmoja, akawa anaandika: huyu kamdonoa yule, yule kamkimbia huyu. Mwaka 1922 alichapisha maandishi yaliyowafanya wataalamu wa dunia nzima wawaangalie kuku kwa jicho jingine. Alionyesha kwamba kudonoana kwa kuku si ugomvi ovyo, bali ni utaratibu. Yupo tembe anayewadonoa wote, naye hadonolewi na tembe yeyote. Anafuata wa pili, anayewadonoa wote isipokuwa yule mkubwa. Ndivyo inavyoshuka hadi kwa yule wa mwisho, ambaye hudonolewa na kila mtu, naye hana wa kumdonoa. Mara nyingine utaratibu huo huzunguka: wa kwanza humshinda wa pili, wa pili humshinda wa tatu, halafu huyo wa tatu humshinda wa kwanza!

Angalia jambo hili, ndugu mkulima. Bwana yule hakutumia mashine yoyote. Alitumia macho, daftari na uvumilivu. Vitu hivyo hata wewe unavyo.

Na utaratibu huo una faida. Kuku wakishajuana, hawapigani tena kila siku. Mkubwa akiinua kichwa na kumtazama mdogo, mdogo husogea. Basi, shauri limekwisha bila damu. Kwa hiyo ukiona kundi lako limetulia, usidhani kuwa wote ni sawa. Wametulia kwa sababu kila mmoja anajua mahali pake. Na ukiona kelele na kufukuzana kumeanza ghafla, ujue kuna kitu kimebadilika: ameingia mgeni, au ametoka koo mwenye vifaranga, au kuna mgonjwa.

Majogoo nao wana safu yao. Kwa kawaida jogoo aliyekomaa huwa juu ya matembe wote, na wala hashindani nao chakula. Vita vyake ni na majogoo wenzake.

NAMNA YA KUTAZAMA

Huna haja ya kushinda uani kutwa. Robo saa mara tatu kwa siku yatosha, kwa muda wa wiki moja.

Kwanza, wape kuku wako majina au alama. Kishingo, yaani yule asiye na manyoya shingoni, hana taabu kumtambua. Kuchi naye utamjua kwa miguu yake mirefu na kifua kilichosimama. Wale wanaofanana, wafunge kipande chembamba cha kitambaa mguuni, kila mmoja rangi yake. Usikaze, na kilegeze kila baada ya siku chache kwa wale wanaokua.

Pili, asubuhi tupa punje chache za mahindi mahali pamoja, ukae mbali kidogo kwenye kigoda. Mwachie mtoto anayesoma shule ashike daftari. Aandike mambo mawili tu: nani kadonoa, na nani kasogea. Baada ya siku nne au tano utaona safu yote imejipanga yenyewe kwenye karatasi.

Tatu, mchana angalia nani yuko na nani. Kuku wazima hujiogesha mchanga kwa pamoja, hasa jua linapokuwa kali. Hulala ubavu, hujirushia vumbi, hunyoosha bawa. Kazi hiyo husafisha manyoya na kuondoa wadudu. Kuku asiyejiogesha kwa siku kadhaa, mtilie shaka.

Nne, jioni wahesabu wakipanda. Hapo ndipo ukubwa unapoonekana wazi zaidi. Walio juu katika safu huchagua nafasi nzuri juu ya fito, nao wadogo hubanana pembeni. Na kama kundi zima linakataa kuingia bandani, linataka kulala mwembeni, usiwachape fimbo. Chukua taa uingie wewe kwanza. Huenda kuna nyoka, au utitiri umejaa kwenye nyufa za fito. Utitiri hujificha mchana, na usiku hutoka kunyonya damu. Kuku wanakuambia, ila wewe hujawasikiliza.

LUGHA YA JOGOO NA MAMA KUKU

Kuku wetu wametokana na kuku-mwitu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Huko msituni sauti ndiyo iliyokuwa ngao yao, na mpaka leo wanaitumia.

Msikilize jogoo. Akiona mwewe angani, hutoa sauti moja ndefu na nyembamba, na matembe wote hukimbilia vichakani au hulala chini kimya. Akimwona nguchiro, mbwa au nyoka ardhini, hutoa kelele za kukatakata, tena na tena, na matembe husimama wima, shingo juu, wakimtafuta adui. Sauti ni mbili, maana zake ni mbili. Ukizijua, hata ukiwa jikoni utajua kama utazame juu au uchukue fimbo.

Jogoo huyo huyo akipata mdudu mnono, huita "ko-ko-ko," huku akiuokota na kuuangusha, ili matembe waje. Wako wengine wanaoita hata kama hakuna kitu! Lakini matembe si wajinga. Jogoo anayewadanganya mara nyingi, hatimaye huita peke yake.

Tunasema jogoo la shamba haliwiki mjini. Wazee wetu walikuwa wameona vizuri. Mwaka 2015 watafiti wa Kijapani walieleza kwamba majogoo wakiwekwa pamoja, yule mkubwa ndiye anayeanza kuwika alfajiri, na wengine hufuata kwa kadiri ya vyeo vyao. Kwa hiyo ukisikia jogoo wako aliyezoea kuanza sasa anawika wa mwisho, au amenyamaza kabisa, usiseme ni uzee tu. Nenda ukamtazame.

Mama kuku naye huanza kuzungumza na watoto wake kabla hawajatoka. Siku ya mwisho ya zile siku 21 za kuatamia, vifaranga hulia ndani ya yai, naye huwajibu. Baada ya kutotoa hubadilika tabia. Hata kama alikuwa wa mwisho katika safu, sasa huwarukia wakubwa, tena humrukia mpaka mbwa.

FAIDA UTAKAZOPATA

Ukishaijua safu ya kuku wako, fanya mambo haya.

La kwanza ni chakula. Ukimwaga pumba mahali pamoja, wakubwa watatu hushiba na wadogo hubaki wakitazama. Wadogo hao ndio wale unaosema "hawa hawatagi." Watatagaje na njaa? Mwaga mahali patatu au panne palipoachana. Wakubwa hawawezi kulinda kote. Maji pia weka vyombo viwili, kivulini.

La pili ni mayai. Tembe hupenda kutaga mahali palipo na yai tayari. Ndiyo maana utakuta matembe watatu wanagombea kiota kimoja, mayai yanavunjika, na mmoja anayeatamia anasukumwa atoke. Weka viota kadhaa penye giza kidogo. Na koo akianza kuatamia, yatie mayai yake alama ya mkaa. Kila jioni, yai lisilo na alama liondoe, ni la mwenzake. Kwa tembe wa kienyeji wa kawaida, mayai kumi au kumi na mawili yanatosha.

La tatu ni vifaranga. Katika ufugaji wa kuachia, si ajabu nusu ya vifaranga kufa kabla ya kutimiza miezi miwili. Mwewe huchukua wake, kunguru wa pwani wenye shingo ya kijivu huchukua wao, na mvua za masika humaliza waliobaki. Wengine huuawa na kuku wenzao wakubwa wakati wa kula. Pindua tenga, weka chakula chao chini yake, kwenye matundu ambayo kifaranga hupita na mkubwa hapiti. Kwa wiki tatu au nne za mwanzo, wafungie pamoja na mama yao, wasitembee mbali.

La nne ni majogoo. Jogoo mmoja kwa matembe kumi anatosha. Ukiwa na pora wanne wanaoanza kuwika, chagua mmoja aliye bora, wengine uza au peleka chunguni. Wakibaki, watapigana na kuwasumbua matembe hadi migongo itoke manyoya. Na baada ya mwaka mmoja hivi, badilishana jogoo na mfugaji wa mbali kidogo, baba asije akazaa na binti zake. Lakini jogoo huyo anapofika, ni mgeni. Na habari ya mgeni ndiyo hasa ninayotaka tuizungumze sasa.

KUKU MGENI NA KAMBA YAKE

Wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ni kweli, mgeni akiachiwa atarudi alikotoka au atapotea. Lakini hebu tuangalie kamba hiyo inafanya nini. Umemfunga katikati ya ua. Wenyeji wote wanakuja kumjaribu. Kuku huru akidonolewa hukimbia, na akikimbia shauri limekwisha. Huyu amefungwa, hawezi kukimbia. Anadonolewa kichwani mpaka anatoka damu. Na jambo baya zaidi ni hili: kila anayemdonoa anamkaribia pua kwa pua, anakunywa maji yake, anakanyaga kinyesi chake. Kama mgeni ana ugonjwa, umewaalika kuku wako wote waje kuuchukua.

Sisi wa Msata tuko njia panda. Barabara kutoka Bagamoyo inakutana hapa na ile itokayo Chalinze kwenda Segera, Tanga na Arusha. Kuku wengi hupita, wengine huuzwa, wengine hurudi bila kuuzwa. Mdondo nao hupita na kuku hao hao.

Mama mmoja wa kitongoji kisicho mbali na njia panda alikuwa na kuku kumi na tisa. Mkubwa wao alikuwa tembe kishingo, ambaye hata jogoo alimheshimu. Siku moja mama huyo alinunua tembe mweupe kwa bei rahisi kutoka kwa mtu aliyebakiwa na kuku jioni. Akamfunga kamba chini ya mwembe, kama ilivyo desturi. Wenyeji wakamzunguka, na Kishingo akiwa wa mbele.

Baada ya siku kama tano, mahindi yalipomwagwa, Kishingo alikaa pembeni. Pora mmoja akamdonoa, naye akainamisha kichwa. Binti wa nyumba, anayewajua kuku wote kwa majina, akasema, "Mama, leo Kishingo kaonewa." Mama akajibu, "Amezeeka huyo, mwanangu." Kesho yake Kishingo alikuwa anahema mdomo wazi na kuharisha kinyesi cha kijani. Siku ya tatu shingo ilipinda. Wiki ya pili ilipokwisha, walikuwa wamebaki kuku wawili. Kuku wale ndio waliokuwa sare na madaftari ya watoto kwa mwezi wa Januari.

Jirani yake ng'ambo ya barabara alikuwa amechanja kuku wake mwezi mmoja nyuma. Hakupoteza hata mmoja.

Ndugu mkulima, mdondo hauna dawa. Ukishaingia, tetrasaikilini haitausaidia, wala pilipili, wala majivu. Kwa hiyo utauliza, "Basi hata kama mama yule angemsikiliza binti, ingesaidia nini?" Ingesaidia mambo mawili. Angemtenga Kishingo siku ile ile, huenda wachache zaidi wangepona. Na angewaambia majirani, ili wasiochanja wafungie kuku wao na kumwita Bwana Mifugo mapema. Wengi wetu tukiona dalili hukimbilia kuuza upesi pale barabarani. Tunaokoa fedha kidogo, tunaua kuku wa kijiji cha mbele.

Kuku mgonjwa hujificha, ndiyo desturi yake, kwa sababu akionyesha unyonge atadonolewa. Unaweza usimwone anahema. Lakini wenzake wamekwisha kumwona. Mkubwa akishuka ghafla katika safu bila kupigana, bila kutoa manyoya, bila kutoka kuatamia, huo ni ujumbe. Usiungoje mpaka kesho.

FANYA HIVI

Mgeni akija, mtenge siku 14 mbali na wenzake, na chombo chake cha maji na cha chakula. Mhudumie baada ya kuwahudumia wenyeji, si kabla, kisha unawe mikono na miguu. Asipoonyesha ugonjwa, msogeze uani ndani ya tenga kwa siku nne au tano. Wataonana, watatishana, lakini hawatafikiana. Halafu mwachie jioni, wakati wenzake wamekwisha panda kulala. Asubuhi mwaga chakula mahali pengi. Watafukuzana kidogo, mwache apate njia ya kukimbia. Baada ya siku chache atakuwa amepata nafasi yake. Hivyo tenga limefanya kazi ya kamba, tena bila hasara.

Na chanjo ndiyo ngao. Ipo chanjo ya mdondo iitwayo I-2, inayotengenezwa hapa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Inastahimili joto kuliko chanjo za zamani, ingawa bado haitaki jua. Ni tone moja katika jicho moja, kwa kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chanja kuku wote siku moja, alfajiri wakiwa bado wako kwenye fito. Chanja wakiwa wazima, kwa maana aliyekwisha ugua chanjo haimponyi. Kwa kuwa kichupa kimoja hutosha kuku wengi, unganeni nyumba kadhaa mchangie. Kumbuka pia kwamba kuku wa jirani asiyechanja wanachakura kwenye jalala lile lile la kwako.

Wakifa, usitupe porini wala usimpe mbwa. Chimba shimo refu uwafukie, au uwachome.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, kazi ya wiki hii ni ndogo. Kesho asubuhi, kabla ya kushika jembe, kaa kwenye kigoda, tupa punje chache, tazama kwa robo saa. Mwite na mwanao, umpe daftari. Na siku mtoto huyo atakapokuambia kwamba fulani leo kaonewa, acha unalolifanya uende ukatazame.

Tukutane tena katika kipindi kijacho. Kazi njema.